Dhokra: shaba inayosubiwa kwa nyuzi za nta, na pa kuinunua

Kitu cha dhokra kikikufikia mkononi, kipindue kwanza. Upande wa mbele umeng'arishwa ili ukupendeze. Upande wa chini haukuandaliwa kwa ajili ya mtu yeyote. Ukikuta udongo mweusi ulioungua umeganda tumboni, alama za tupa ukingoni, na pengine kisiki cha mfereji wa kupitishia shaba uliokatwa kwa msumeno, hiyo ni kazi ya nta. Ukikuta uwazi safi, mlaini, na ukuta wenye unene uleule pande zote, usitoe pesa bado.

Dhokra, ambayo Bengal huandikwa dokra, ni usubaji wa shaba wa jamii za mafundi wa India ya kati na mashariki: umbo la nta hufunikwa kwa udongo, nta huyeyushwa ipotee, na shaba iliyoyeyuka hujaza nafasi yake. Huko Bastar, jimbo la Chhattisgarh, mafundi ni Waghadwa, na kitovu chao ni mji wa Kondagaon. West Bengal wako katika vijiji viwili vinavyojulikana sana: Bikna, karibu na mji wa Bankura, na Dariyapur, upande wa Bardhaman. Odisha kuna Sadeibareni katika wilaya ya Dhenkanal. Huko Adilabad, Telangana, kazi hii ni ya jamii ya Ojha. Wengi wa mafundi hawa zamani walikuwa watu wa kuhamahama. Walipita vijijini wakikusanya vyombo vibovu, wakiviyeyusha na kuacha vipya: vikuku vya miguu, njuga, taa, sanamu za miungu, na vipimo vya mpunga. Wanunuzi wa Bastar walikuwa watu wa makabila ya huko: Wagondi, Wamuria na Wamaria. Mgeni wa mjini anayetafuta pambo la sebuleni ni mteja wa juzijuzi tu.

Wauzaji hupenda kutaja yule msichana mchezaji wa Mohenjo-daro, mji wa kale wa Bonde la Indus: sanamu ya bronzi ya sentimita 10.5, ya takriban mwaka 2500 kabla ya Kristo, iliyofukuliwa 1926 na sasa iko National Museum, New Delhi. Ni kweli kwamba naye alisubiwa kwa nta. Lakini mbinu moja kutumika mahali pawili si sawa na kurithishana ufundi baba kwa mwana kwa miaka 4,500. Mpendee fundi kazi yake, si nasaba unayosimuliwa na muuzaji.

Kazi inaanza na kiini. Fundi huchukua udongo mlaini wa mtoni au wa shambani, huuchanganya na pumba za mpunga, na kwa kawaida kinyesi cha ng'ombe, kisha hufinyanga umbo la ndani la kitu: tembo bila masikio, mwanamke bila vidole, farasi ambaye ni kiwiliwili na miguu tu. Pumba zina kazi. Zikiungua ndani ya moto huacha vitundu vidogo vinavyopitisha hewa, na kiini kinaweza kunywea kidogo shaba inapojikaza. Kiini cha udongo mtupu ni kigumu mno na shaba inaweza kupasuka juu yake. Pia udongo mtupu hufanya nyufa unapokauka. Kiini hukaushwa kivulini hadi kikauke kabisa, halafu husuguliwa na kupakwa maji ya majani, huko Bastar mara nyingi majani ya maharage, ili nta ishike.

Nta yenyewe si nta tupu. Nta safi ya nyuki hulainika sana jua likipanda, kwa hiyo huchanganywa na ubani wa mti wa sal, ambao Wahindi huuita dhuna, pamoja na mafuta kidogo ya haradali. Mchanganyiko huyeyushwa, huchujwa kwa kitambaa ndani ya maji baridi, kisha hukandwa. Ubani ukizidi, uzi unakatika ukiukunja. Mafuta yakizidi, uzi unalala kama tambi iliyoiva na nakshi zinafifia. Hakuna kipimo kimoja, kwa sababu mchanganyiko wa kiangazi si wa majira ya baridi. Fundi hujaribu kwa kuukunja uzi kwenye kidole.

Sasa tumefika kwenye alama ya dhokra. Nta husukumwa ndani ya bomba dogo lenye kisahani chenye tundu, ikatoka uzi mrefu wa unene mmoja, au huviringishwa kwa kiganja juu ya ubao. Uzi huo huzungushwa kwenye kiini, mzunguko ukigusa mzunguko, mpaka udongo wote ufunikwe. Juu yake huja nakshi: nyuzi zilizosokotwa mbili mbili kama kamba, vitone vya kuwa macho, visahani vya kuwa shanga, misuko ya nywele. Masikio, mikono na mikia hutengenezwa kwa nta tupu bila kiini. Kumbuka hesabu hii: unene wa nta ndio utakaokuwa unene wa shaba. Kila mahali palipo na nta patakuwa na shaba, na kila alama ya ukucha itabaki.

Mwishoni huongezwa vijiti vya nta vinavyounganisha sehemu za mbali na mlango wa kuingizia shaba. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa mifereji. Ikiwa kiini kitafunikwa pande zote, misumari midogo ya chuma huchomekwa kupita kwenye nta hadi kwenye kiini. Nta ikishayeyuka hakuna kitu kingine kinachokishika kiini kisielee au kuegemea upande mmoja, na kikiegemea, ukuta wa shaba unakuwa mnene huku na tundu kule.

Ganda la kwanza juu ya nta ndilo linaloamua sura ya kitu. Ni uji wa udongo laini sana uliochanganywa na unga wa mkaa au kinyesi cha ng'ombe kilichochujwa, na hupakwa kwa uangalifu ili uingie katikati ya nyuzi bila kuacha povu la hewa. Povu lililobaki kwenye nta hugeuka kuwa kidonge cha shaba kwenye uso wa sanamu. Ganda hilo likikauka hupakwa tena, ndipo yafuate matabaka mazito ya udongo wa kawaida au wa kichuguu wenye pumba nyingi. Kila tabaka hukauka kivulini kabla ya lingine, na ndiyo sababu msimu wa mvua hupunguza kazi sana. Ukianika kalibu, yaani kiini, nta na ganda kwa pamoja, juani, nta iliyo ndani inatanuka na kulipasua ganda kabla hata moto haujawashwa.

Kiasi cha shaba hupatikana kwa mizani. Nta ina uzito karibu sawa na wa maji, na shaba ya njano ni nzito takriban mara 8.5. Kwa hiyo nta ya gramu 100, mifereji ikiwemo, inahitaji karibu gramu 900 za shaba, na fundi mwenye busara huweka kilo moja nzima, maana sehemu fulani hupotea kama moshi na takataka. Akipunja, kinachokosekana huwa ni sehemu ya mwisho kujaa, na mara nyingi hiyo ndiyo sehemu nyembamba zaidi: pembe, vidole, ncha ya mkia.

Chhattisgarh wauzaji huita kazi hii "bell metal", jina la bronzi yenye bati jingi ya kutengenezea kengele. Usilishike sana jina hilo. Inayotumika zaidi ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu na zinki, na nyingi ni chakavu: sufuria kuukuu, mabomba, vitasa. Ndiyo maana rangi hutofautiana kati ya kitu na kitu, kimoja kikiwa cha manjano kabisa na kingine kikielekea wekundu. Hilo si kasoro.

Kuna njia mbili za kuingiza shaba. Ya kwanza ni kuyeyusha shaba peke yake ndani ya chungu cha moto, kuichoma kalibu kwenye tanuri la pili mpaka nta yote itoke na udongo uwe mwekundu, kisha kumimina. Ya pili, ambayo imezoeleka sana vijijini Bengal, ni ya kijanja zaidi: vipande vya shaba huwekwa ndani ya kikombe cha udongo kilichounganishwa na mdomo wa kalibu, na vyote huzibwa kwa udongo vikawa kitu kimoja kama boga lenye shingo. Kitu hicho huingia tanurini upande wa kikombe ukiwa chini. Nta huyeyuka na kunywewa na udongo wenye vitundu, shaba huyeyuka, na fundi husoma rangi ya moto. Ndimi zikigeuka kijani, zinki imeanza kutoka na shaba iko tayari. Hapo hukamata kwa koleo ndefu, hupindua, na shaba hushuka yenyewe kujaza nafasi ya nta. Faida yake ni kwamba kalibu na shaba viko kwenye joto moja, kwa hiyo hata nyuzi nyembamba hujaa. Hasara yake ni kwamba huoni ndani, na ukikosea dakika chache hakuna kurudi nyuma.

Shaba ya njano huyeyuka kati ya nyuzi 900 na 950 za Selsiasi, kutegemea kiasi cha zinki, ilhali zinki yenyewe huchemka kwa 907. Maana yake nafasi ya kukosea ni ndogo. Moto ukizidi, zinki inaondoka kama moshi mweupe, mchanganyiko unabadilika na wekundu unaongezeka. Moshi huo huleta homa na kichefuchefu kwa anayeuvuta, kwa hiyo tanuri hukaa mahali pa wazi. Moto ukipungua, au fundi akichelewa kati ya tanuri na kumimina, shaba inaganda njiani na sanamu inatoka na mashimo, kama kitambaa kilicholiwa na panya. Hatari kubwa kuliko zote ni unyevu. Kalibu isiyokauka, ikipokea shaba, hutoa mvuke kwa kishindo na kurusha shaba ya moto usoni mwa mtu. Anayetaka kujaribu mwenyewe baada ya kutazama video mbili tatu aanze kwa kulifahamu hilo.

Kalibu ikipoa huvunjwa kwa nyundo. Mifereji hukatwa, ncha hupigwa tupa, uso husuguliwa kwa brashi ya waya, na mara nyingi huoshwa kwa maji ya ukwaju. Kalibu imekufa na nta imekufa, kwa hiyo kila kitu kina mmoja tu.

Hapo ndipo pa kuanzia unapotaka kujua kipi cha kweli. Muulize muuzaji kama ana kingine kama hiki. Akikuletea kile kile, chenye uzi uliokatika mahali palepale na jicho lililopinda vilevile, kimetoka kwenye kalibu ya mpira inayotoa nakala za nta, au kwenye kalibu ya mchanga. Mafundi halisi hutengeneza tembo ishirini wa aina moja, lakini hao ni ndugu, si pacha. Tazama pia ubavuni: mstari mwembamba unaozunguka kitu kizima kutoka kichwani hadi mguuni ni mshono wa kalibu ya vipande viwili. Kalibu ya nta inayopotea haina mshono.

Kisha fuata uzi mmoja kwa jicho. Wa kweli una mahali ulipoungwa, mahali ulipopandana na mwenzake, mahali ulipolegea kidogo kwenye kona. Wa kuigiza ni mfereji uliochorwa juu ya uso, hauna upande wa chini. Chukua na sumaku ndogo. Shaba haivutwi. Ikinata sehemu ndogo sana huenda ni msumari wa kiini. Ikinata mwili mzima ni chuma kilichopakwa rangi. Usichanganye na kazi ya chuma ya Kondagaon, ambayo ni sanaa nyingine halali ya kufua, nyeusi na nyembamba, na bei yake ni nyingine. Kitu chepesi mno chenye rangi ya dhahabu iliyosawazika pengine ni plastiki ngumu iliyopakwa rangi. Kwaruza chini kwa ncha ya kisu, ukiomba ruhusa kwanza.

Weusi katika mabonde ya nakshi unaweza kuwa masizi ya asili au rangi iliyopakwa na kufutwa. Kitambaa chenye mafuta kidogo kikitoka na weusi mwingi, ni rangi. Hilo peke yake si utapeli, kwani mafundi wengi hufanya hivyo ili nakshi zionekane, ila lisitumike kukuongezea bei kwa kisingizio cha ukale.

Kasoro zipi zikubalike? Vidonge vidogo vya shaba, uzi mmoja uliokatika, na kiraka kilichojazwa baadaye kwenye tumbo ni vya kawaida. Usikubali ufa unaozunguka mguu au shingo, kwa sababu huo utaendelea. Simamisha kitu mezani: kikiyumba, msingi haukupigwa tupa vizuri, na fundi anaweza kurekebisha papo hapo.

Mahali pazuri pa kununua ni kwa fundi mwenyewe. Kondagaon iko kwenye barabara kuu kati ya Raipur na Jagdalpur, karibu zaidi na Jagdalpur, na karakana ziko mjini na vijiji vya jirani. Huko ndiko alikofanyia kazi marehemu Jaidev Baghel, fundi aliyeitoa dhokra ya Bastar vijijini hadi kwenye maonyesho ya nje ya India. Tafuta vitu vya pale pale: Jhitku na Mitki, wapendanao wa hadithi za Bastar, mungu mke Danteshwari, wapiga ngoma wa Kimuria. Bikna inafikika kirahisi kutoka mjini Bankura, na ni kijiji kidogo ambapo nyumba ni karakana. Kazi za Bengal huelekea kuwa ndogo, zenye bundi wa mungu mke Lakshmi, mungu Ganesh mwenye kichwa cha tembo, vipimo vya mpunga na mapambo ya shingoni. Kama una nafasi ya safari moja tu na unataka vitu vikubwa, nenda Bastar. Kama unataka vidani na zawadi za begini, nenda Bengal.

Usipofika vijijini, serikali zina maduka. Tribes India ni ya TRIFED, shirika la Wizara ya Mambo ya Makabila, na huuza pia kwenye intaneti. Chhattisgarh ina Shabari, Odisha ina Utkalika, West Bengal ina Biswa Bangla. New Delhi, nenda Central Cottage Industries Emporium pale Janpath, au maduka ya majimbo yaliyopangana Baba Kharak Singh Marg. Bei kwenye maduka haya imeandikwa na haishushwi. Utalipa zaidi kuliko kijijini, lakini hupati chuma kilichopakwa rangi. Dilli Haat, soko la kazi za mikono mtaa wa INA, Delhi, ni tofauti: vibanda hupokezana, na anayeuza leo anaweza kuwa fundi au mchuuzi. Muulize akueleze nta yake ina nini ndani. Fundi atakueleza mpaka uchoke. Maonyesho ya Surajkund, Haryana, kila Februari, hukusanya mafundi wa majimbo mengi mahali pamoja, na ni nafasi nzuri ya kulinganisha mikono.

Majina Bastar Dhokra, Bengal Dokra na Adilabad Dokra yamesajiliwa India kama alama za asili ya kijiografia, hayo mawili ya mwisho mwaka 2018. Maana yake kitu kisichotoka huko hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Lakini usajili hulinda jina tu, hauthibitishi ubora. Mafundi wengi pia wana kitambulisho cha serikali kiitwacho Pehchan, na si utovu wa adabu kuomba kukiona.

Kuhusu bei, vitu vingi vya kawaida huanza kukadiriwa kwa uzito wa shaba, halafu kazi inaongezwa. Kwa hiyo pima. Vitu viwili vya uzito mmoja vikitofautiana sana bei, tofauti iwe kwenye wembamba wa uzi na wingi wa nakshi unazoweza kuziona. Uzi mwembamba ni saa nyingi zaidi. Usimbane fundi ashushe bei mpaka ifikie ya shaba chakavu, kwa sababu akikubali, mara nyingine atatumia uzi mnene.

Anayesafiri na kitu cha dhokra nje ya India akae na risiti inayosema ni kazi mpya ya mkono. Sheria ya mwaka 1972 ya mambo ya kale inakataza kutoa nchini vitu vyenye umri wa miaka 100 na zaidi bila kibali, na sanamu iliyotiwa weusi inaweza kumtia shaka ofisa wa forodha. Archaeological Survey of India hutoa cheti kwamba kitu si cha kale. Kwa hiyo yule muuzaji anayekunong'oneza kwamba taa yake ina miaka 150 ama anakudanganya, ama anakuuzia kitu usichoweza kuondoka nacho.

Jambo moja zaidi kwa wanaopenda kutumia walichonunua. Shaba chakavu, hasa ya mabomba na vitasa, huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake. Bakuli la dhokra liwe la funguo au maua makavu. Usiweke ndimu, achari wala maziwa.

Nyumbani, vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Ukitaka mng'ao, sugua sehemu zilizoinuka tu kwa kitambaa na uache mabonde yabaki meusi, halafu pitisha nta kidogo ya nyuki. Usikitumbukize majini. Udongo wa kiini uliobaki ndani hunywa maji na kuyashika kwa siku nyingi, na kutu ya kijani huanzia tumboni kabla hujaiona nje. Kama unga mweusi unadondoka rafuni kutoka kwenye tundu la chini, usiuchokonoe wote, maana wakati mwingine ndio unaokipa kitu uthabiti wa kusimama. Ziba tundu kwa nta ya nyuki iliyolainishwa kiganjani.